Psiphon kwa Mtumiaji wa Facebook Nchini Uganda

Facebook ilifungwa nchini Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na zuio hilo likadumu kwa miaka; ndiyo maana Psiphon, programu ya bure ya kupenya vizuizi vya mtandao, iliyoanzia katika Citizen Lab, maabara ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Toronto, inastahili kuangaliwa kwa makini. Ubora wake mkubwa ni kutotegemea njia moja: ukibonyeza kitufe cha kuanza, hujaribu njia kadhaa kwa pamoja, nyingine zikijifanya mawasiliano ya tovuti za kawaida, kisha huishika ile iliyofunguka. Kwenye Android unaweza kuchagua programu zitakazopita humo na kuiacha ya benki nje, jambo ninalolipendekeza sana. Matangazo yanachosha, na kasi ya toleo la bure ina kikomo; kusoma na kutuma picha hakuna shida, video zinataka subira. Watengenezaji wenyewe wanasema haikuundwa kumkinga mtu dhidi ya uchunguzi, hivyo mwanahabari mwenye siri za kulinda atafute Tor, programu ya kuficha utambulisho mtandaoni. Intaneti ikizimwa kabisa, kama Uganda ilivyofanya mkesha wa uchaguzi huo, Psiphon haifui dafu.