African Storybook kwa mtoto anayebabaika kusoma, mimi nimeikubali

Wazazi wenzangu wenye watoto la kwanza na la pili, hii app ipakueni, inaitwa African Storybook Reader, ni bure kabisa, ni ya shirika la Saide la Afrika Kusini na mradi wenyewe upo tangu 2014. Ni maktaba ya hadithi fupi za picha, Kiswahili kipo na lugha zingine kibao za Kiafrika, na ukishashusha hadithi mtoto anasoma hata bando likikata.

Binti yangu yuko la pili. Kitabu cha shule anakitiririsha mpaka unashangaa, sasa mwonyeshe neno moja la katikati peke yake, hajui, kumbe kakariri kitabu kizima! Watoto wa hivi ni wengi sana na mwalimu mwenye darasa la watoto 80 atawagunduaje wote. Dawa yake ni hadithi ambayo hajawahi kuiona, kila siku nyingine, na vitabu vipya kila wiki nani ataweza kununua? Hapo ndo hii app inapookoa.

Hadithi zimepangwa kwa ngazi, ile ya chini kabisa ukurasa una neno moja au sentensi fupi tu, za juu ni ndefu za wewe kumsomea. Anzieni chini jamani hata kama kashavuka darasa, msione aibu. Wangu ba be bi bo bu anazijua vizuri, shida ilikuwa mbwa, nywele, ng'ombe, halafu yale marefu kama "walimkimbilia", anaunga silabi mojamoja akifika mwisho kashasahau mwanzo. Nikawa nafunika neno kwa kidole namfungulia kipande kipande, wa, li, m, kimbilia, akimaliza anarudia sentensi yote bila kukata. Siku hizi kwenye nukta anapumzika mwenyewe na penye kuchekesha anacheka, yaani anaelewa anachosoma, nimefurahi mno.

Ila haifundishi herufi, kama mtoto a e i o u bado hajazishika anzeni na hizo. Na hadithi zinaandikwa na kutafsiriwa na watu tofautitofauti kwahiyo Kiswahili hakilingani, ipitie mwenyewe kwanza. Simu usimwachie akajifungie nayo chumbani, kaa naye.

Walimu, kwenye tovuti yao hadithi zinashushwa na kuprintiwa, unatoa kopi steshenari watoto wanasoma wawiliwawili.