Kupima vitamini na madini wakati wa homa: huduma ya maabara moja ya Bukavu

Kwa mtu asiye na homa, huduma ya kupima vitamini na madini inayotolewa na maabara moja ya kibinafsi katika komini ya Ibanda, hapa Bukavu, ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Kwa mtoto anayechemka kwa mafua makali, huduma hiyohiyo inaweza kuwapotosha wazazi, na sababu si uzembe wa wapimaji bali ni swali moja ambalo fomu yao haiulizi.

Mazuri yanastahili kutangulia. Nilimpeleka kijana wangu wa miaka tisa akiwa bado na homa na kikohozi. Mama aliyemtoa damu alimwambia, "Vumilia, papa, sindano ni moja tu," akalegeza mpira wa mkononi mara damu ilipoanza kutoka, kisha chupa ya kupimia vitamini A akaiviringishia karatasi ya aluminiamu, kwa kuwa mwanga huharibu retinoli, yaani vitamini A iliyomo kwenye damu. Uangalifu wa namna hiyo ni nadra.

Majibu yalionyesha kwamba chuma, zinki na retinoli viko chini, na pamoja nayo tukapewa orodha ndefu ya vidonge vya kununua. Hapo ndipo penye kasoro. Virusi vinapovamia mwili, chembe za kinga hutoa interleukini-6, protini ya kupelekeana ujumbe, ambayo huchochea ini kutengeneza homoni iitwayo hepsidini. Homoni hiyo hukifungia chuma ndani ya ghala zake na kupunguza kile kinachofyonzwa utumboni, hivyo chuma cha kwenye damu hushuka kwa muda mfupi hata kwa mtu mwenye akiba ya kutosha. Zinki nayo huingia kwa wingi ndani ya ini, na ini lenyewe hupunguza kutoa protini inayobeba retinoli. Sehemu kubwa ya virutubisho hivyo haijapotea, imehamishwa tu. Feritini, protini inayohifadhi chuma na ambayo hupimwa ili kukadiria akiba yake, huenda kinyume: hupanda wakati wa maambukizi, hata mtoto mwenye upungufu wa kweli akaonekana hana tatizo. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaweka mpaka wa feritini unaoonyesha upungufu, kwa mtoto wa umri wa shule ya msingi, kuwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita akiwa mzima, na chini ya 70 akiwa na maambukizi. Karatasi tuliyopewa ilikuwa na mpaka mmoja tu, ule wa watu wasio na maambukizi.

Sisemi kwamba virusi havimwibii mtu kitu. Vitamini C hutumika upesi, homa kali hupoteza retinoli kwa njia ya mkojo, na kuhara huondoa potasiamu na zinki. Surua ndiyo hatari zaidi, nasi Wakongo tunaijua: mlipuko ulioanza mwaka 2019 uliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto. Mtoto mwenye surua hupewa vitamini A siku mbili mfululizo, yuniti za kimataifa (IU) 200,000 kila siku akiwa ametimiza mwaka mmoja, 100,000 akiwa na miezi sita hadi kumi na moja, na 50,000 akiwa chini ya hapo. Dozi hiyo hutolewa na mhudumu wa afya, na hakuna haja ya kungojea majibu ya maabara yoyote.

Dawa ya kasoro niliyoitaja iko ndani ya maabara hiyohiyo, kwani kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda mwili unapopambana na maambukizi, kimeandikwa kwenye orodha yao ya bei, ila hakimo katika kifurushi cha vitamini. CRP ikizidi miligramu 5 kwa lita, msomaji wa majibu hujua kwamba chuma na zinki vilivyoshuka havitoshi kuthibitisha upungufu. Msimamizi alinisikiliza kwa heshima nilipomweleza hayo, na naamini anaweza kukiongeza, pamoja na mstari mmoja kwenye fomu unaouliza kama mgonjwa ana homa.

Naipendekeza maabara hii kwa atakayekwenda wiki mbili tatu baada ya kupona, akaomba CRP ipimwe kwa damu ileile. Mwenye mtoto anayechemka leo ampeleke kwanza kwa daktari, na dola za kifurushi azitunze kwa ajili ya samaki wadogo wa sambaza, mboga ya lengalenga na mafuta ya mawese, atakavyovihitaji mtoto hamu ya kula ikirudi.