Usiku wa darubini ufuoni Nyali: hii ya nyota ya leza nendeni mkasikie

Wapenzi wa anga mlio Mombasa, hawa vijana wa darubini pale ufuoni Nyali wanastahili pesa yenu, shilingi 1,000 kwa kichwa. Nilienda na watoto wa dada kuona sayari ya Mshtarii na miezi yake, tukaiona, ila ilikuwa inatetemekatetemeka na kijana akatueleza si darubini mbovu ni hewa, joto na baridi zimechanganyika huko juu basi mwanga unapindwa njia nzima mpaka ufike machoni.

Sasa utamu ukaanzia hapo. Akawasha stovu ndogo ya gesi, akarushia chumvi kidogo, moto wa buluu ukawa machungwa palepale, watoto wakapiga kelele! Akasema rangi ile ni ya sodiamu na sodiamu iko juu ya vichwa vyetu, kilomita kama 90 hivi, imeachwa na vimondo vinavyoungulia huko. Wanaastronomia wanapiga leza ya rangi hiyohiyo, urefu wa wimbi nanomita 589, zile atomu zinawaka wanapata nyota ya bandia popote wanapoelekeza darubini, halafu kompyuta inaangalia hiyo nyota inavyochezacheza na kukunja kioo cha darubini mara mamia kwa sekunde mpaka picha itulie. Kule Paranal, Chile, darubini ya Yepun ina leza nne tangu 2016, kila moja wati 22.

Nilichopenda zaidi, hakuficha shida za hiyo leza. Tabaka lenyewe la sodiamu huko juu halitulii, sodiamu inazidi na kupungua kwa misimu, hata usiku mmoja tu inabadilika, ikipungua nyota inafifia kompyuta inakosa mwanga wa kutosha. Likipanda au kushuka fokasi inahama na mashine inadhani ni hewa ndo imebadilika. Halafu lina unene wa kilomita kama 10, kwa hiyo ukiitazama hiyo nyota kutoka ukingoni mwa kioo kikubwa huoni nukta, unaona kijiti. Na bado lazima wapate nyota ya kweli karibu, manake leza inapanda na kurudi njia moja, hewa ikiisukuma upande yenyewe haiwezi kukwambia.

Mpwa wangu akauliza, "Ami, kwani hiyo tochi yako ya leza ya kijani haiwezi?" Akamjibu, "Haiwezi mwanangu, sodiamu haishtuki na kijani, yataka rangi yake." Na ndege ilipokuwa inateremka aliizima hiyo tochi mara moja, akasema hata wenye leza kubwa huzima ndege ikikaribia. Hapo nikamheshimu.

Kasoro zipo. Darubini ni moja, foleni ndefu, wadogo wanasinzia, na mataa ya jirani yanamulika mpaka mchangani, wangeongea nao wazime hata saa moja tu. Pia faida ya hii leza aliipitia mbiombio, na mimi naona ndo kiini chenyewe: kwa leza kama hiyo kwenye darubini za Keck kule Hawaii, mwanaastronomia Andrea Ghez na wenzake walifuatilia nyota zinazozunguka shimo jeusi katikati ya galaksi yetu, akapata Nobel 2020. Na upande huo wa anga mwezi wa nane usiku unakuwa juu sana hapa kwetu, angetuonyesha tu kwa kidole watu wangeshangaa! Mkienda mchague usiku usio na mwezi, mbebe dawa ya mbu, na mumuulize habari za hiyo katikati ya galaksi mapema kabla foleni haijaanza.