Kozi ya utulivu wa akili baada ya upasuaji wa goti
Kozi hii ya wiki 8, inayofuata utaratibu ulioasisiwa na mwanasayansi na mwalimu wa kutafakari Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, niliianza siku chache baada ya upasuaji wa kutengeneza upya kano ya mbele ya goti, wakati usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu na kila zoezi la kunyoosha mguu lilinitia hofu.

Sehemu iliyonifaa kuliko zote ni ile ya kulala chali na kupeleka fikra mwilini kiungo kwa kiungo, kuanzia vidole vya miguu hadi utosini, huku ukifuata pumzi. Mwanzoni nilipofika gotini nilitamani kuliruka, lakini taratibu nikajifunza kutofautisha maumivu yenyewe na woga kwamba kano itakatika tena, na hapo ndipo nilipoweza kukunja goti bila kukaza paja zima. Maumivu hayakuisha, yaliacha tu kunitawala.

Kasoro zipo. Kipindi cha dakika 45 ni kirefu mno kwa mtu asiyeweza kutulia katika mkao mmoja, nami nilikigawa mara tatu bila kumwomba mtu ruhusa. Yoga, ambayo nayo ni sehemu ya kozi, niliiacha kabisa kwa ushauri wa mtaalamu wangu wa fiziotherapia. Aidha, kozi haijengi msuli wa paja, kwa hiyo ningeipendekeza kwa yule tu anayeendelea na mazoezi ya viungo, ambayo kwa kawaida huchukua miezi 9 au zaidi kabla ya kurudi uwanjani.