Kumalizia bagi ya kupanda mawe Kariobangi Light: kazi safi na bei ya mtu wa kawaida, ila beba chuma chako mwenyewe

Bagi imekwisha jamani, ile gari ndogo ya fremu ya bomba niliyojijengea, inatembea, inapanda mawe, na kwa sababu watu wengi wamekuwa wakiniuliza nilimalizia wapi na kama hao mafundi ni wa kuaminika, wacha niseme yote hapa. Kazi yote ya mwisho ilifanyika Kariobangi Light Industries hapa Nairobi, upande wa wachomeleaji, na kusema ukweli nikipewa pesa mara tatu ya ile niliyokuwa nayo bado ningerudi huko huko.

Kwanza mjue gari yenyewe ni gani. Mfumo wote wa chini ni wa Suzuki Samurai, akseli, gia, na transfer (ile giaboksi ya pili inayogawa nguvu kwa akseli za mbele na za nyuma) ambayo kwa Samurai inakaa peke yake, haijashikana na giaboksi, kwa hivyo ukijenga fremu yako unaweza kuisogeza upendavyo. Injini nimeweka ya Suzuki Escudo 1.6 yenye EFI, yaani petroli inapulizwa kwa injekta bila kabureta, inashikana na giaboksi ya Samurai vizuri, kazi ni kutengeneza mounting mpya tu. Ile 1.3 ya kabureta niliiacha makusudi, kabureta ikiinama sana juu ya mwamba petroli kwa bakuli inaenda upande mmoja, injini inakohoa halafu inazima, na hapo ndo mahali mbaya kabisa pa kuzimikiwa. Bodi hakuna, ni bomba tupu, viti viwili na sahani ya chuma chini ya tumbo.

Watu wakisikia gari ya mawe wanafikiria wale wa Rhino Charge, yale mashindano ya magari ya porini, wenye timu na lori la spea, na ni kweli tangu 1989 hao ndo wamefanya Wakenya wajue gari inaweza kupita mahali mbuzi anafikiria mara mbili, vituo 13 kwa saa 10 na anayepita njia fupi zaidi ndiye mshindi. Lakini huo ufundi hauko kwa gereji za pesa nyingi peke yake. Fundi niliyempata kazi yake ya kila siku ni mageti, keria za lori na fremu za viti vya matatu, na bado anakunja bomba kuliko watu wengi wenye mashine.

Hapa wacha nielezee kidogo maana ndio sehemu iliyonifurahisha zaidi. Ile mashine ya kukunja ya hydraulic yenye inapatikana kila mahali inaminya bomba, kona inatoka imelala bapa, na kona bapa kwa roll cage, kile kizimba cha bomba kinachokulinda gari ikipinduka, ni kona dhaifu. Huyu mzee anajaza bomba mchanga mkavu, mkavu kabisa, anaukaanga kwanza kwa bati maana maji yakibaki ndani yanageuka mvuke na kizibo kinaruka kama risasi. Anagongagonga bomba mpaka mchanga ushuke wote, anaziba pande mbili kwa mti, anapasha kona kwa makaa na blower mpaka iwe nyekundu, halafu anavuta polepole akifuata chaki aliyochora kwa simiti. Na kabla ya kuvuta anageuza bomba mpaka ule mshono wa kiwandani ukae ubavuni, usikae mgongoni wala tumboni mwa kona, ndio usivutwe wala kuminywa. Sikumwambia mimi, anajua. Kona ikitoka unapitisha kidole kote na bado ni duara.

Bomba nunua mwenyewe, hilo nasisitiza sana. Ukimwachia fundi anunue atakuletea chenye kipo karibu. Nilitaka bomba nyeusi ya inchi moja na nusu, class B (ya unene wa kati), ambayo kipimo cha nje ni milimita 48 na unene wa zaidi kidogo ya 3, na nilienda na vernier, kile kipimo cha unene, dukani nikapima kila moja. Usikubali galvanized hata ukipunguziwa, ile zinki ikiungua kwa welding moshi wake unamlaza fundi na homa usiku mzima, na weld yenyewe inatoka na matundu. Kwa class B bagi inakuwa nzito kidogo kuliko ukitumia bomba maalum za racing, sawa, lakini hizo za racing ziko bei gani na utazipata wapi?

Sasa welding, na hapa sisifu bila mpaka. Mashine nyingi za pale ni zile za kienyeji zilizosukwa hapo hapo jua kali, ni imara, zinachoma siku nzima, lakini majirani watatu wakiwasha pamoja moto unashuka na weld inakaa juu juu bila kuingia. Kwa mageti si neno. Kwa bracket ya stiaringi ni kifo. Kwa hivyo joints zote kubwa tulizifanya asubuhi mapema kabla jengo halijajaa, na zile za kushikilia akseli, stiaringi na mikanda ya viti tukamtafuta jirani mwenye inverter ya DC ili tutumie rodi za 7018, ambazo weld yake haipasuki kirahisi, kwa sababu 6013, ile rodi ya kawaida, inawaka kwa kila kitu lakini 7018 kwa hizo mashine za kienyeji inasumbua sana. Jirani alitoza kwa rodi, fundi wangu 2,000 kwa siku na kijana wake 1,000. Kila weld ikipoa kijana anagonga slag, lile gamba la juu, anapiga brashi ya waya, tunaangalia pamoja. Mahali nilipoonyesha shaka, walisaga na kurudia bila kununa, na mara moja mzee mwenyewe ndiye aliyenisimamisha: "Boss, hii kona itapasuka hapa, wacha tuweke gaseti." Aliweka pembetatu ya sahani ya milimita 4 kwa kila kona kubwa na hakuongeza hata shilingi.

Chenye sikupenda ni muda. Ukiambiwa kesho, jua ni keshokutwa, na stima ikipotea mchana wote mnakaa mkinywa chai. Spea pia si pale pale, nilikuwa nashuka Kirinyaga Road, na huko duka moja liliniuzia hosi za breki za zamani zilizokauka, moja ikapasuka tukijaribu pedali gari ikiwa bado kwa stendi. Tangu siku hiyo hosi, mikanda ya viti na brake fluid nanunua mpya zilizofungwa, huko ndo pesa iende, rangi baadaye.

Kwa mawe sasa. Tuliibeba kwa lori mpaka upande wa Champagne Ridge, nje ya Nairobi, tukapunguza upepo wa matairi, na kona hata moja haijafunguka, sahani ya tumbo imekwaruzwa vibaya lakini transfer haijaguswa. Kitu kimoja bado kinanikera, gia ya kwanza na low ya transfer ya Samurai vinakupa kama 31 kwa 1, yaani injini inazunguka mara 31 gurudumu likizunguka mara moja, na kwa mwamba mkubwa bado unakanyaga klachi sana. Gia za transfer za 4.16 zingenifikisha kama 57, zinatoka Marekani, ndizo naweka pesa kidogo kidogo saa hii.

Hao mafundi nawapa alama nne na nusu kwa tano, hiyo nusu iliyopungua ni ya muda. Mkienda fikeni kabla ya saa mbili asubuhi, na mchoro wenye vipimo kwa karatasi, si kwa simu, maana karatasi inabandikwa ukutani na kila mtu anaiona. Na mkubaliane bei ya siku mbele ya kijana wake.