Kantri mbadala: albamu nne, na ipi inunuliwe kwanza

Wasikilizaji wengi wa Kenya walilelewa na sauti za Jim Reeves na Don Williams redioni. Aliye miongoni mwao, na ambaye sasa anataka kununua kantri mbadala, yaani ile isiyopigwa sana redioni, namshauri aanze na Time (The Revelator) ya Gillian Welch, iliyotoka mwaka 2001. Aliirekodi Nashville pamoja na mwenzake David Rawlings: sauti mbili na ala za nyuzi, bila ngoma. Wimbo wa mwisho unachukua zaidi ya dakika 14, nami sijawahi kuukatisha. Humo pia mna Everything Is Free, ulioandikwa wakati watu walipoanza kugawiana nyimbo bure kwenye intaneti, na ambao unamsemea msanii anayeona jasho lake likichukuliwa bila malipo. Kwa heshima ya wimbo huo pekee, albamu hii yafaa kununuliwa, si kunakiliwa.

Ya pili ni Live at the Old Quarter ya Townes Van Zandt, iliyorekodiwa Houston mwaka 1973 katika ukumbi mdogo na kutolewa mwaka 1977. Ni mtu mmoja na gita lake mbele ya wasikilizaji wanaosikika wakicheka, kisha wakinyamaza kabisa anapoanza kuimba. Anayejali mashairi kuliko ufundi wa studio anaweza kuitanguliza hii, wala sitabishana naye.

Car Wheels on a Gravel Road ya Lucinda Williams, ya mwaka 1998, naiweka ya tatu. Ina bendi kamili, na nyimbo zake zinapita katika miji ya kusini mwa Marekani, ukiwemo Lake Charles alikozaliwa mwimbaji mwenyewe. Likipatikana toleo la mwaka 2006, lichukuliwe hilo, kwa kuwa lina diski ya pili yenye nyimbo alizoimba mbele ya hadhira.

Ya nne ni No Depression ya Uncle Tupelo, ya mwaka 1990, ambayo jina lake lilikuja kuchukuliwa na jarida maarufu la muziki huu. Gita zake za umeme ni kali, kwa hiyo mpenzi wa utulivu achague March 16–20, 1992 ya kundi hilohilo, iliyorekodiwa katika siku hizo tano kwa ala zisizo za umeme. Akivutiwa humo na sauti nzito ya mwimbaji Jay Farrar, atafute Trace ya Son Volt, kundi aliloliunda baada ya Uncle Tupelo kuvunjika mwaka 1994.