Miaka minne chini ya vigae vya udongo Kilifi: nilicholipa na nilichopata

Nyumba yangu iko Kilifi, upande wa Mnarani, kama mita 300 kutoka baharini. Vyumba vitatu, si jumba. Niliiezeka kwa vigae vya udongo, vile vyekundu ambavyo mafundi huviita Mangalore, na tangu hapo hakuna mgeni anayemaliza chai yake bila kuniuliza: "Mwalimu, hili paa lilikula ngapi?" Jibu la mdomoni huwa fupi na hupotosha watu, kwa hiyo leo naliandika lote.

Lilikula Sh605,750. Fundi yuleyule alikuwa amenipigia hesabu ya mabati ya rangi ya geji 28, mbao na kazi ndani yake, ikaja Sh278,000. Mara mbili na ushei. Lakini kigae chenyewe si ghali kama watu wanavyodhani. Nilikinunua Sh85 kiwandani Nairobi. Paa langu, ukijumlisha na upenu, lina mita za mraba 147, na kila mita inameza vigae 15. Nikachukua 2,400 ili vibaki vya akiba, na kofia 45 za mgongoni kwa Sh200 kila moja. Jumla Sh213,000. Nilipoikunja ile risiti na kuitia mfukoni nilijiona nimeshamaliza kazi.

Mbao ndizo zilizonitia adabu. Kigae kimoja kikavu kina kilo mbili na nusu hadi tatu, na paa zima limebeba karibu tani sita. Mabati yangekuwa karibu nusu tani tu. Kwa mabati fundi angeachanisha trasi zake, yaani zile fremu za mbao zinazobeba paa, futi nne. Kwa vigae tulizisogeza zikawa futi mbili, basi badala ya 11 nikanunua mbao za trasi 21. Juu yake zikapigiliwa mbao za inchi 2 kwa 2, safu hadi safu sentimita 32, kwa sababu kila safu ya vigae lazima ipate mbao yake ya kuning'inia. Hizo ndogo peke yake zilikuwa futi 1,600. Mbao zote, zikiwa zimetiwa dawa ya mchwa, zilifika Sh190,000, wakati za mabati zingeishia nusu ya hapo. Ukikutana na fundi anayekwambia vigae vitakaa tu juu ya mbao ulizokwisha nunua kwa ajili ya mabati, mpe nauli arudi kwao. Paa la namna hiyo haliporomoki siku ya kwanza. Hubonyea taratibu, na kila linapobonyea vigae huachana na maji hupata njia.

Kisha kuna mwinamo. Mchoro wangu ulikuwa na paa la nyuzi 18, kwa kuwa aliyeuchora aliwaza mabati. Fundi mzee aliutazama akacheka. "Mwalimu, hapa maji yatapanda mlima." Alimaanisha kwamba mvua ya mwaka ikija na upepo wa kusi, husukuma maji yarudi juu chini ya kigae paa likiwa limelala. Tukainua hadi nyuzi 30, na kuta za ubavuni zikaongezwa mawe hadi kileleni. Sh24,000 ambazo hazikuwa kwenye daftari langu.

Usafiri nilibahatika. Malori mengi hupanda na mizigo ya bandarini kutoka Mombasa na kushuka matupu, kwa hiyo ukivumilia siku chache ukampata dereva anayerudi pwani, atakubeba kwa bei nafuu. Mimi nililipa Sh38,000 hadi mlangoni. Ila sikuwepo vikipakiwa, na hilo ndilo kosa langu kubwa. Vigae vilipangwa kwa kulazwa kama vitabu badala ya kusimamishwa kwa ubavu na kutiwa nyasi katikati. Vilipofika, 140 vilikuwa vimevunjika. Nikapiga simu kiwandani, nikaambiwa mzigo ukishatoka getini ni wa mnunuzi. Nilibishana wiki nzima, nikashindwa, nikaagiza vingine 150: Sh12,750, na Sh6,000 za kuvifikisha. Kama unanunua mbali, mtume mtu unayemwamini asimame pale wakati wa kupakia, hata kama ni kwa posho.

Akiwa hapohapo, mtu huyo avigonge kwa kifundo cha kidole. Kigae kilichochomwa vizuri hulia kama bakuli la kaure. Chenye ufa, au ambacho moto haukukifikia, hujibu kwa sauti ya kibuyu. Pwani jambo hili lina uzito zaidi, maana kigae kibichi hunyonya maji yenye chumvi, chumvi inakauka ndani, na uso wake unaanza kumeguka kama biskuti. Kwenye mzigo wangu tulivitoa 30 hivi vya sauti mbovu. Vimefunika banda la kuku, na kuku hawajalalamika.

Ujira wa mafundi ulikuwa Sh90,000. Karatasi ya nailoni ya chini ya vigae, misumari na saruji ya kofia Sh32,000. Misumari chukua iliyopakwa zinki, wala usiwasikilize wanaosema itafichwa na vigae haitaota kutu. Bahari haina siri. Jirani yangu aliezeka mabati mwaka uleule na mimi, na vichwa vya misumari yake sasa vinatiririsha machozi ya rangi ya chai.

Sasa nilichopata. Cha kwanza ni mvua. Nililelewa chini ya makuti, nikahamia kwenye mabati nilipoanza kazi, na kwa miaka tisa kila iliponyesha mazungumzo yalisimama. Sasa mvua ya Mei hunyesha nasi tunaendelea kuongea. Joto lipo, hii ni Kilifi, na sitamdanganya mtu kwamba nimezima jua. Tofauti ni saa nane mchana: bati hukuangushia joto kichwani, kigae hulichelewesha. Mama, ambaye kwake hakuna paa linaloshinda makuti, alilala mchana mmoja akaamka akasema, "Si baya, mwanangu." Kwa mama hiyo ni medali.

Cha pili ni umri, na hapa ushahidi wangu haukutoka kwenye karatasi ya muuzaji. Nyumba moja ya kale ilipobomolewa Mombasa, nilipewa kigae kilichotoka juu yake. Mgongoni kina muhuri wa Basel Mission, Mangalore, na mwaka 1865. Fundi wangu aliapa kwamba kilitengenezwa mwaka huo. Sivyo, 1865 ndio mwaka ambao misheni hiyo ilianzisha kiwanda chake cha kwanza cha vigae kule India, na muhuri uliendelea kupigwa hivyohivyo. Lakini baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia viwanda vile vilitolewa mikononi mwa misheni, kwa hiyo kigae hiki hakikosi miaka mia. Nilikigonga. Kinalia vizuri kuliko vyangu.

Kasoro zipo. Upande usiopata jua umeota ukungu mweusi, na rangi ile nyekundu ya kwenye picha imebaki upande mmoja tu. Maji ya mvua ya kwanza huingia tangini mekundu, lazima uyamwage. Na nazi! Mnazi ulio pembeni ya jiko uliangusha nazi mbili usiku mmoja, vigae vitano vikavunjika. Asubuhi fundi alipanda, akachomoa vilivyovunjika, akaingiza vipya, Sh1,500, tukanywa chai kabla ya saa nne. Bati likitobolewa hivyo ungebandika kiraka au ungebadilisha bati zima.

Je, ningefanya tena? Hapa karibu na bahari, kwenye nyumba ninayotaka kuzeekea, ndiyo. Ningekuwa najenga nyumba ya kupangisha, au kwa mkopo wa chama, ningepiga mabati na ile tofauti ya Sh327,750 ningechimbia kisima. Na kama kuta zako zimeshasimama na paa jepesi ndilo lililokuwa kwenye mchoro, usinunue kigae hata kimoja kabla mhandisi hajazikagua.

Vya akiba vimebaki zaidi ya 90, nimevisimamisha kwa ubavu nyuma ya jiko. Mnazi nao upo palepale. Mama amekataa usikatwe.